Salamu Kabla ya Sumu

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Lamduan mbele ya kioo cha duka la dawa la Vaubrune, mkate kwapani, macho yamemtoka kama ya samaki wa barafu. Kuna wasomaji walioniandikia kunilaumu kwamba nimewakatisha usingizi kwa kutosema alichokiona. Basi kaeni vizuri.

Aliona picha ya uyoga.

Uyoga mchanga, mweupe, umejikunja kama yai la kuku. Chini ya picha palikuwa na fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Maneno ya Kifaransa yalijaa pembeni, naye hakuelewa hata robo. Lakini fuvu halihitaji mkalimani.

Uyoga huohuo alikuwa ameuokota mwenyewe asubuhi ile, chini ya mialoni, nyuma ya nyumba ya Bi Huguette.

Kwa aliyekosa wiki zilizopita: Mama Lamduan ni fundi cherehani kutoka Ubon, nchini Uthai. Ana miaka sitini na mmoja. Amekuja Ufaransa kwa sababu binti yake, Orathai, amejifungua juzi katika hospitali ya mjini. Amefikia kwa Bi Huguette, mama wa Thibaud, mume wa Orathai, na wakwe hawa wawili wameishi siku tisa kama paka wawili ndani ya gunia moja. Kwa miezi minane kabla ya safari mama huyu alijifunza Kifaransa kwa masomo ya kwenye simu, akishona na kurudia maneno. Alipofika akalifungua domo lake kwa fahari, na Bi Huguette akamwambia, "Mkwe, Kifaransa chako kinachechemea kuliko goti lako."

Ndipo akaamua kumjibu kwa chungu.

Kwao uyoga wa umbo la yai huota kwenye mabua ya mpunga, na watoto huula kabla hawajamaliza kuota meno. Alipouona msituni Ufaransa alicheka peke yake, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Akapika supu. Akatia mchaichai aliokuja nao ndani ya soksi. Akakamua ndimu, akaonja, akakamua tena, akaonja, akaongeza tone moja, akaonja mara ya tatu. Kisha akafunika sufuria na kuteremka kijijini kununua mkate, maana Bi Huguette hali kitu bila mkate.

Na Bi Huguette hula saa sita mchana, kengele ya kanisa ikipiga mara ya kwanza. Si saa sita na dakika moja. Marehemu mumewe alizikwa saa nne asubuhi ili waombolezaji wawahi mezani.

Mama Lamduan alichungulia saa ya ukutani kupitia kioo. Saa sita kasoro dakika tisa.

Nyumbani ni nusu saa kwa miguu, mlima mtupu. Simu yake ya Uthai, nje ya nyumba ya mkwe, haikuwa na mtandao, ilikuwa saa tu yenye picha ya paka. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji alikuwa na dakika tisa.

Akasukuma mlango.

Sasa kuna jambo. Huku kwetu mtu atakusamehe ukimkanyaga kidole, ukimwibia mwavuli, hata ukimwambia jibini yake inanuka. Lakini ingia dukani bila salamu, bila kusema bonjour, basi umemwita mwenye duka mbwa, na waliomo kwenye foleni umewaita viroboto wake. Mama Lamduan alilijua hilo. Bonjour ndilo neno lake la kwanza, alilifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka mashavu yakamuuma. Lakini hofu ikiingia mlangoni, adabu hutokea dirishani.

Hakusema.

Alipita watu wawili kama mbuzi aliyeona majani, akaenda moja kwa moja kaunta. Pale mzee Chastaing alikuwa amemwaga kikapu chake kizima cha uyoga, maana msimu wa vuli kila mwokota uyoga humpelekea mfamasia amchambulie: unaolika huku, unaoua kule. Bwana Fargeas, mfamasia, alikuwa akiugeuza mmojammoja, miwani kwenye ncha ya pua.

"Uyoga," Mama Lamduan akasema. "Supu. Kufa."

Bwana Fargeas hakuinua kichwa. "Bonjour, mama," akasema, kwa sauti ambayo ingegandisha maziwa.

Mama Lamduan akadhani hajasikika. Akarudia kwa nguvu zaidi. Supu, kufa, saa sita. Bwana Fargeas naye akarudia, polepole zaidi: "Bonjour. Mama."

Nyuma yake Bi Pradelle, mwanamke mrefu mwenye kofia ya manyoya, alimwambia aliyefuata kwamba siku hizi watu wanaingia madukani kama kuku. Mzee Chastaing akasema yeye yuko msituni tangu alfajiri, ana zamu yake, na hata rais akija atasubiri.

Mama Lamduan alitaka kueleza. Alifungua mdomo, akatafuta kichwani. Miezi minane ya Kifaransa ilikuwa imekimbia yote, kama panya taa ikiwashwa. Ilibaki sentensi moja tu, ya somo la nne, na sentensi hiyo ikatoka yenyewe, safi, bila kosa hata moja.

"Ningependa chumba kinachotazama bahari."

Kutoka Vaubrune hadi baharini ni saa nne kwa gari.

Mzee Chastaing akajigonga kichwa kwa kidole. Bwana Fargeas akarudi kwenye uyoga wake. Saa ikasema kasoro dakika saba, na mama wa watu akageuka huku na huku. Akawaona wote wamempa visogo. Akaona mwanamke anakufa kule mlimani kwa sababu hakuna mtu hapa chini anayetaka kumtazama usoni.

Ndipo akakumbuka.

Aligeuka akatoka nje. Alifunga mlango nyuma yake. Ndani wakadhani ameondoka, na Bi Pradelle akashukuru Mungu. Mlango ukafunguka tena, kengele yake ndogo ikalia, na yule mama akasimama kizingitini, ameunganisha viganja kifuani kama wafanyavyo kwao, ameinamisha kichwa.

"Bonjour, mabibi na mabwana."

Huwezi kuamini. Duka zima likaitika kwa pamoja, kama kanisani. Mzee Chastaing akavua kofia. Bwana Fargeas akapandisha miwani, akamtazama kwa mara ya kwanza, akaona uso ulivyo.

"Ehe, mama. Kuna nini?"

Hakujaribu kueleza. Alifungua kitambaa ndani ya kikapu alichokuja nacho mkononi. Mlikuwa na vichwa vitatu vya uyoga, alivyomwekea mwuza mkate kama zawadi, kisha akaona haya kumpa. Akavipanga kaunta.

Bwana Fargeas alichukua kimoja, akakipasua katikati kwa kisu. Kwa nje kilikuwa yai. Kwa ndani palikuwa na kofia ndogo iliyojikunja, na ngozi ya kofia ile ilikuwa na rangi ya kijani, kama michubuko ya jana.

Akavua miwani. Mzee Chastaing akavuta uyoga wake kwake kwa mikono miwili.

"Uliobaki uko wapi?"

"Supu."

"Nani ameula?"

"Bi Huguette. Saa sita, kula."

Wote wakatazama saa. Kasoro dakika nne.

"Na wewe? Umeula? Hata kuonja?"

Alimwelewa. Neno la kuonja alilijua vizuri, ni la somo la jikoni. Akaona wazi yatakayotokea akisema ndiyo: watamlaza, watamwita daktari, watamzunguka yeye, na saa itagonga.

"Hapana," akasema.

Bwana Fargeas akanyakua simu, akataka namba ya nyumbani. Namba za Kifaransa zikisemwa kwa mdomo ni hesabu ya darasani, sitini na kumi na tano, ishirini mara nne na kumi na saba, na mwenye hofu hahesabu. Akampa kalamu. Mama Lamduan aliandika haraka, tarakimu kumi bila kusita, akamsogezea karatasi. Mfamasia akaitazama. Zilikuwa tarakimu za Kithai, zimejikunja kama minyoo kwenye bakuli.

"Lete hiyo simu," Bi Pradelle akasema, akamsukuma kando na kubonyeza namba zote kumi bila kutazama.

Mtajiuliza amezijuaje. Bi Pradelle na Bi Huguette walikuwa marafiki tangu shule ya msingi, kisha wakagombana juu ya nani aimbe peke yake kanisani siku ya Krismasi. Hawajasemezana miaka kumi na moja. Namba ya rafiki mtu anaweza kuisahau. Ya adui, hapana.

Simu ikaita. Ikaita. Kule juu kengele ya kanisa ikapiga, ngo, mara ya kwanza. Simu ikaendelea kuita.

"Hapokei," Bi Pradelle akasema. Kofia ilikuwa imemkaa upande. "Mtu anayepiga simu saa sita, kwa Huguette, ni mshenzi au ni Mwingereza."

Bwana Fargeas akapiga simu ya dharura. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa wilaya, dakika thelathini na tano. Akachukua funguo zake, akawatoa wateja, akafunga duka. Mzee Chastaing alibaki barabarani na kikapu, akiuliza afanye nini na wa kwake. "Usile kitu," akaambiwa.

Gari la mfamasia lilipanda mlima kwa kasi ambayo sijawahi kuiona Vaubrune, isipokuwa mara moja, siku ng'ombe wa Chastaing alipofukuzwa na nyuki. Bi Pradelle aliingia bila kualikwa, akakaa mbele. Akamuuliza mfamasia kwa sauti ya chini ni sumu ya namna gani.

Mfamasia alimjibu kwa sauti ya chini vilevile, akidhani mgeni wa nyuma haelewi. Akasema ubaya wa uyoga ule ni uvumilivu wake. Mtu anakula, anafurahi, anasema ni mtamu. Mchana mzima hana kitu. Usiku au kesho yake tumbo linachafuka, anatapika, anaharisha. Kisha linatulia, anadhani amepona, anaomba hata chai. Siku hizo ndizo ini linakufa.

Mama Lamduan alikuwa amekamata maneno matatu tu. Kesho. Kupona. Ini. Hilo la ini alijifunza kwa mwuza nyama, wiki yake ya kwanza.

Akalamba midomo yake. Ndimu ilikuwa bado ipo, kwa mbali, kwenye pembe ya mdomo. Mara tatu ameonja, na mara ya tatu ilikuwa kijiko kizima. Mpishi gani haonji? Akatazama migongo miwili ya mbele, akataka kusema, akaona paa la nyumba ya mkwe linachomoza kwenye kona. Akameza mate, na siri yake pamoja.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Sufuria ilikuwa imepinduliwa kwenye sinki. Tupu. Imeoshwa, inang'aa.

Bi Huguette alikuwa mezani, kitambaa shingoni, mbele yake bakuli lisilo na kitu na kijiko kando. Alikuwa akikata jibini juu ya mkate wa jana. Akawaona watatu wamejaa mlangoni, wanahema kama mbwa wa kuwinda, na hakuacha kutafuna.

Mama Lamduan alianguka kwa magoti, lile zima na lile bovu. Akamshika mkwe wake mikono. "Huguette," akasema, "tapika. Tapika, tafadhali." Neno hilo lilikuwa la somo la kwa daktari. Machozi yalimtoka bila sauti.

Bi Huguette akautazama ule mkono uliomshika.

"Bonjour," akasema. "Kwanza."

Wakampa. Wote watatu, mmojammoja, hata Bi Pradelle.

"Na huyu amefuata nini nyumbani kwangu?"

"Nilikuja kukuona ukifa," Bi Pradelle akajibu, akavuta kiti akakaa.

Bwana Fargeas akauliza swali moja, akilitamka kama anayeongea na kiziwi. Je, ameinywa ile supu?

"Supu ya nani? Ya huyu?" Bi Huguette akafuta midomo. "Asubuhi ameingia jikoni mwangu, kwa mlango wangu, na kikapu chini ya shali, amenipita mgongoni mpaka kwenye sinki bila kunipa salamu. Saa mbili asubuhi. Amenipita kama kabati. Nikasema moyoni, basi, mama, hicho utakachopika utakula mwenyewe. Sikugusa hata tone. Bakuli hili ni la maziwa."

Mfamasia aliegemea ukuta na kufumba macho.

Ni kweli. Asubuhi ile Mama Lamduan alitaka kumshtukiza mkwe wake, akaingia kwa kunyata, kikapu kimefichwa chini ya shali, wala hakutaka kusalimu asije akaulizwa amebeba nini. Kosa lilelile lililotaka kumwua Bi Huguette dukani ndilo lililomwokoa nyumbani. Bi Pradelle alianza kucheka, akashindwa kujizuia. Mama Lamduan alimwona anacheka, akamwona mfamasia anapumua, akaelewa. Akaweka paji la uso kwenye goti la mkwe wake, na yule mwanamke mgumu, baada ya kufikiri kidogo, akamgusa nywele kwa kidole kimoja.

Wasomaji wangu, kama ningekuwa mtu mwema ningeishia hapa.

Bwana Fargeas akafumbua macho. Akatazama sinki.

"Umeimwaga wapi?" akauliza. "Isije ikaliwa na kuku."

"Kumwaga?" Bi Huguette akakunja uso. "Mimi nimelelewa na watu waliokula maganda ya viazi wakati wa vita. Kwangu chakula hakimwagwi."

"Iko wapi, Huguette?"

Mama mkwe akaona sura zao, na kwa mara ya kwanza mkono wake wenye kisu ukatua mezani.

"Nimempa Thibaud," akasema. "Nimeijaza chupa ya chai, yote. Ampelekee mkewe. Binti analia tangu juzi kwamba chakula cha hospitali hakina ladha, anataka supu ya mama yake. Nikasema sawa, mimi siinywi, lakini yeye amezaa mjukuu wangu. Hata mimi nina roho."

"Ameondoka saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

Hospitali ni dakika arobaini. Saa ya jikoni ilisema saa sita na dakika kumi na mbili.

Bwana Fargeas alikuwa ameshabonyeza namba ya Thibaud, ambayo Bi Huguette alimtajia. Kitu kikaanza kunguruma juu ya kabati la vyombo. Ilikuwa simu ya Thibaud, kwenye chaji yake, imesahauliwa.

Mfamasia akatoka mbio hadi getini na simu yake ya mkononi, kuwaomba watu wa dharura waiarifu hospitali. Akawekwa kwenye foleni. Huku ndani ikabaki simu ya ukutani, na karibu yake, kwenye msumari, kadi ya wodi ya wazazi yenye namba.

Bi Huguette alikuwa amejiinamia mezani. Bi Pradelle alikuwa akimpepea kwa kofia.

Mama Lamduan akasimama.

Hajawahi kuzungumza Kifaransa kwenye simu. Ana kwa ana kuna mikono, kuna nyusi, kuna kuonyesha kwa kidole. Kwenye simu mtu hana ila ulimi wake. Akabonyeza namba. Akasikia sauti ya mwanamke, ya haraka, iliyochoka.

"Bonjour, bibi," akasema. "Mimi mama ya Orathai. Wodi ya wazazi, chumba kumi na nne. Mume analeta supu. Supu ina sumu. Hapana kula. Tafadhali, bibi, haraka."

Kisha yule mwanamke akasema ameelewa, akae kwenye laini, anamwunganisha na chumbani sasa hivi, na anamtuma muuguzi.

Ameelewa. Miezi minane, na mtu ameelewa.

Muziki ukalia sikioni, kinanda, wa kupoteza muda. Bi Huguette alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika kiuno kama mtoto anayeogopa radi. Muziki ukakatika. Simu ikainuliwa upande wa pili.

"Mama? Ni wewe?"

Alikuwa Orathai, kwa Kithai, lugha ya kwao, ambamo Mama Lamduan ana kila neno analolihitaji. Na hakuna hata moja lililokuja. Kwa mbali alisikia mtoto mchanga akilia na mfuniko wa chupa ukigongwa juu ya meza.

Orathai akameza kitu, akacheka.

"Mama, mbona leo ndimu umezidisha?"